Kila Mradi na Kapu Lake

...hapana, si kwamba simsikii, namsikia Numbi, amesimama mbele yangu na jua liko nyuma ya kichwa chake kwa hiyo uso wake siuoni, naona masikio tu, yamejaa mwanga mwekundu, na anasema kwa ile sauti yake ya ofisini, ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa, kana kwamba hatuko hapa stesheni ya Kolwezi kati ya watu wanaopika na kukohoa na kulala kandokando ya reli, kana kwamba mimi niko kwenye kiti changu karibu na dirisha la chumba cha mashine za kompyuta na si juu ya furushi la mashuka, "Mama Mignonne," anasema, "programe ya hopitali imekataa, inasema dawa yote imeoza, yote, hata ile yenye ilifika juzi mu kamyo," na mimi najua, nilijua kabla hajamaliza, ni tarehe, wamegusa paketi ya tarehe, ile hesabu ya siku ndani ya mashine, wajinga, lakini mdomo wangu umefunga na sijui nani ameufunga, Mama Mignonne, kila akiniita hivyo kitu kinanichoma hapa chini ya titi, hajui, nani angemwambia, yeye yuko mjini na sisi tuko hapa, na kati ya mjini na hapa kuna vijana wenye fimbo na vitambaa vyekundu kichwani, amepitaje, amepita kwa jina, Numbi, mtu wa Lubudi, mwenyeji wa mkoa huu, jina lake linapita kila mahali, la kwangu Mbelu, la Kikasai, halipiti popote isipokuwa ndani ya treni, na treni yenyewe haiji, kila asubuhi wanasema iko Tenke, inakuja, iko Tenke, tumewaona watu wakizaa na kuzika huku iko Tenke...

"Unanisikia, mama?" anauliza, na mama yangu mzazi, aliyekaa nyuma yangu na mgongo wake umegusa mgongo wangu, anajibu badala yangu, "Eko nakusikia, mwanangu, eko nachoka tu," na Numbi anachuchumaa kidogo, halafu anasimama tena, hajui akae vipi mbele ya watu waliofukuzwa, ana karatasi ndefu ya mashine mkononi, ile yenye matundu pembeni, imekunjwa mara nyingi, ameificha ndani ya shati akipita kwa wale vijana, naona imelowa jasho, na ninachokitaka ni kumwambia ondoka, nenda, mliniambia nirudi kwetu, basi niacheni niende kwetu, kwetu ambako sijawahi kukanyaga, Kasai mimi naijua kwa nyimbo za mama na kwa midomo ya wageni waliokuja na mihogo mikavu, baba yangu ndiye aliyeletwa, kijana, kampani ya madini ilimtaka, ilimpima kifua na meno, akachimba madini mpaka akastaafu, akafa, yuko chini ya udongo wa hapa, mimi nimezaliwa hapa, hospitali ileile, ile ambayo sasa dawa zake zote zimeoza...

Paketi, neno lilikuwa la Tata Kisimba, mkubwa wetu wa kwanza, mzee mmoja mrefu wa Mutshatsha aliyekuwa akivaa koti hata katika joto la mwezi wa kumi, alituchukua mimi na Numbi tukiwa tumetoka shule na hatujui kitu, akatuambia, "Bana bangu, juu ya nini kila mutu anaandika hesabu ya siku upya? Iandike mara moya, ifunge mu paketi, bengine bote baichukue," na mimi nikaandika ile ya tarehe, Numbi akaandika ile ya majina, tukaandika pamoja ile ya kuchapa, na programu zote za kampani zikaanza kuziita hizo paketi zetu, ya magazini, lile ghala la vipuri, ya hospitali, ya shule za watoto wa wafanyakazi, na nilikuwa nikitembea mjini jioni na kufikiri, kila karatasi inayotoka katika mashine ile leo imepita mkononi mwangu, nilijivuna, ndiyo, nilijivuna mpaka siku ile magazini walipotaka mwaka uandikwe kwa tarakimu nne badala ya mbili, nikabadilisha, nikaona imekubali, nikaenda nyumbani kupika bukari, ugali wetu, asubuhi mkurugenzi wa shule anakuja akikimbia na karatasi yake, watoto wote wa darasa la kwanza wana miaka elfu moja na mia tisa, wote, na Tata Kisimba alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho, halafu akakaa chini akawa si mtu wa kucheka tena, akasema paketi ni ileile lakini wanaoitegemea hawafanani, huyu ameandika miaka yake kwa tarakimu mbili na yule kwa nne, ukibadilishia mmoja umemvunja mwingine na hata hujui, kwa hiyo toka leo kila mradi na kapu lake, ndani ya kapu uweke paketi zilezile ambazo ulizijaribu nazo, toleo lilelile, hata kama kuna jipya zuri zaidi, jipya litaingia kapu la mtu siku ile tu umelijaribu na kazi ya mtu huyo, na kazi ya kutunza makapu akanipa mimi, miaka yote hii, mimi, najua nini kiko ndani ya lipi na nani anamwegemea nani kama ninavyojua vyungu vya jikoni kwangu...

Jikoni kwangu... nani anapika pale sasa... walikuja mchana, si usiku kama watu wanavyosimulia, mchana kweupe, nilikuwa naanika nguo, vijana wengine nawajua, mmoja nilimfundisha katekisimu, wakasema bilulu watoke, wadudu watoke, hivyo ndivyo walivyokuwa wakituita siku hizo hata kwenye redio, na jirani yangu wa ukutani alisimama mlangoni kwake akaangalia miguu yake, akaangalia miguu yake tu, mume wangu Tshilombo alisema tusibishane, chukueni nguo na mtoto, nikachukua nguo na mtoto, na ile siku ya treni ya kwanza watu walikuwa wamepanda mpaka juu ya paa, nafasi ikapatikana ya mmoja, tukasema aende yeye atangulie Mwene-Ditu atutafutie pa kulala, akaenda akining'inia mlangoni, hajui, yeye pia hajui, yuko huko anatafuta nyumba ya watu wanne...

"...mukubwa mupya," anasema Numbi, na hapo masikio yangu yanafunguka, "mukubwa mupya alisema tufute byote byenye biko na jina yako, kila paketi yenye kuanza na MB, alisema hataki kitu ya bale bantu mu mashine," halafu anasema, "mi njo nilifuta, Mama Mignonne. Alisimama nyuma yangu. Mi njo nilibonyeza," na ananionyesha mkono, sijui kwa nini ananionyesha mkono, vidole vile ninavijua, vilikuwa vikila karanga zangu pembeni ya kibodi na mimi nikimgombeza, na ajabu sina hasira nao, natafuta hasira kama mtu anayetafuta kiatu gizani, nakuta kitu kingine, nakuta... furaha, Mungu nisamehe, furaha ndogo chafu, imevunjika, bila mimi imevunjika, basi watanihitaji, na hapo ndipo naona kile ambacho kimekuwa kikikaa ndani yangu tangu tufike hapa, gari jeupe la kampani likivuka reli polepole, watu wakilipisha njia, dereva akiuliza nani hapa ni Mama Mbelu wa mashine za ordinateur, kuna kosa lilifanyika, mama, panda, wewe na mama yako, nyumba yenu iko tayari, tumewatoa wale waliokuwa wameingia... ndiyo maana mdomo wangu umefunga, nilidhani ni uchungu, nilidhani ninalipiza, kumbe nangoja, nikinyamaza wataendelea kukwama, wakikwama sana watakuja kunichukua, kwa hiyo nimekaa juu ya jibu kama kuku juu ya mayai...

"Nilijaribu kurudisha," anasema, "niliandika paketi ya tarehe upya, ya mwaka wa tarakimu nne, sawa na ya magazini, lakini hopitali inaikataa, inaona dawa yote kama ya zamani za mababu, na depo ya dawa haitoe kitu bila karatasi ya mashine, mulinzi anasema ni amri, karatasi haiko dawa haiko, tangu ile juma yenye mulitoka depo imefungwa, hata masista banakuya na kapu yao banarudi mikono mitupu..."

Ngoja. Amesema nini, ngoja, masista, ni masista wale waliokuwa wakija hapa, sista mfupi wa kutoka Musumba mwenye kapu la majani, alikuwa akipita kati ya mafurushi na vidonge na chupa za dawa ya maji, halafu akaja siku ile mikono mitupu akasema, "Depo imefungwa, mama, banakataa kutupa," na mimi nilikuwa nimempakata Mignonne, uso wake wote umejaa surua, macho yameshikana, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege, nikamwuliza sista, banakataa juu ya nini, akasema siyue, mama, banasema tu haiwezekane, na nikasema moyoni, ni sisi, wameamua watoto wetu wafe, nikaamini hivyo, nimeishi juu ya imani hiyo mpaka dakika hii, nikalala juu yake, ilikuwa ngumu lakini ilikuwa sakafu... na kumbe haikuwa hata chuki, au chuki ilikuwa mlango wa kwanza tu, mlango wa pili ulikuwa paketi yangu mwenyewe, ile ya zamani, walifuta jina langu na dawa ikafa ndani ya mashine, mwaka wa mwisho wa dawa, tisini na tano, ukaonekana mdogo kuliko elfu moja mia tisa tisini na tatu, basi, zimeoza, haitoki hata chupa, na laiti mtu mmoja, laiti Numbi angekuja siku ile, laiti sista angesema neno mashine, neno moja, ningesimama hapa nikapiga kelele mpaka mjini wakasikia... lakini surua huua, Mbelu, huua hata pale dawa ipo, uliona mwenyewe watoto wa watu wakubwa wamekufa wodini, usijifanye unajua, hutajua, hilo ndilo watakalokuachia, kutojua...

Anatia mkono mfukoni. Usitoe, Numbi, chochote kilichomo humo usikitoe, lakini anatoa, ni paketi ya biskuti, zile za maziwa, imepondeka kwa kufichwa, anaangalia nyuma yangu, anaangalia kati ya masufuria, anatabasamu lile tabasamu la kumtafuta mtoto aliyejificha, kwa sababu walikuwa na mchezo wao, akija kwetu Jumapili mtoto hujificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana, na Numbi huuliza nyumba nzima, na sasa anasema, "Na mwenyewe eko wapi? Nilimuletea biskwi," na nyuma yangu nausikia mgongo wa mama umekuwa mgumu kama ubao, atajibu yeye, anataka kujibu yeye ili nisiseme, lakini mdomo wangu unafunguka wenyewe.

"Alikufa, Numbi. Surua."

Sijawahi kulisema. Wanawake walijua bila kuambiwa, walikuja tu, mmoja akaleta jembe la kuazima, mwingine kitenge ambacho hakijavaliwa, tulimwosha kwa maji ya bomba la wafanyakazi wa reli, tukamweka kule nyuma ya yale mabehewa yaliyokufa, watoto wengine wako hapo tayari, na hakuna aliyehitaji neno, kwa hiyo neno lilibaki ndani, na sasa limetoka, fupi hivyo, na dunia iko palepale, mwanamke jirani yetu anapepea mkaa wake, mtu anacheka mbali, na Numbi amekaa chini, hakuchuchumaa, amekaa vumbini na suruali yake ya ofisini, amekishika kile kifurushi cha biskuti kwa mikono miwili, na sasa uso wake nauona, umezeeka, nilikuwa sijajua, anasema, "Hapana," anasema, "hapana, mama, hapana," na mama yangu ananyoosha mkono mkavu kutoka nyuma, anazichukua biskuti taratibu, anampelekea Ndaya wa pembeni ambaye mtoto wake alianza kukohoa jana na macho yake yanatoa machozi, anazivunja, anamlisha mtoto wa mwenzie, kitu cha kuliwa hakitupwi, na mimi naangalia kinywa cha yule mtoto kikitafuna na siwezi, siwezi, na naendelea kuangalia...

Numbi anaikunja ile karatasi. Anaikunja ndogo, ndogo zaidi, anaitia ndani ya shati. "Achana na ile," anasema, "nisamehe, mama. Sikupaswa kukuya na maneno ya mashine. Naenda." Anajiinua kwa goti moja. Na ni sasa hivi, nikimwona anajiinua, ndipo gari jeupe linapita mbele yangu mara ya mwisho, kwa sababu nimeelewa, hakuna aliyemtuma, mkubwa mpya hakumtuma, mkubwa mpya hajui hata kwamba kuna kitu cha kuuliza, Numbi amekuja kwa miguu yake mwenyewe na hofu yake mwenyewe, na akirudi bila jibu depo itafungwa mwezi, miwili, watazoea, watu huzoea, watanunua dawa sokoni kwa yeyote anayeuza chaki, watalia kama mimi ninavyolia, watoto wa waliotufukuza na watoto wa hapa stesheni pia, huyu wa Ndaya mwenye makombo mdomoni, na hakuna katika hao wote atakayesema, twende tumrudishe Mbelu, hakuna, si kwamba wataninyima, hawatakumbuka tu...

"Numbi," nasema. "Kaa. Toa kalamu." Anakaa. Sauti yangu ni ileile ya kazini, inanishangaza, iko nzima, haikufukuzwa, namwambia ile paketi ya zamani haikupotea, "Mulifuta ya kwenye kapu kubwa ya bote na ya kapu ya hopitali, njo vile? Kapu ya shule je, mulifungua?" na anatikisa kichwa, shule imefungwa tangu fujo, nani angeifikiria, "Basi iko mule," nasema, "shule na hopitali banatumia toleo moya, ile ya tarakimu mbili, nilipoweka haikuwa na jina langu, niliiita tu kwa jina ya shule, ichukue, iweke mu kapu ya hopitali, usiiandike upya, usiitengeneze, hata kama unaona ni mbaya," na anaandika nyuma ya karatasi, juu ya goti, haraka, herufi zake za kulala, anataka kuinuka, namshika mkono, kwa sababu hapo ndipo kila mtu huangukia, hata mimi niliwahi, "Bado. Utaiweka na dawa itabaki imeoza, na utalia. Paketi ya kuchapa, ile yetu sisi wawili, nayo inaita tarehe. Siku uliyoijenga na tarehe mupya iliimeza, iko nayo mu tumbo. Ukibadilisha tarehe nje, ndani ingali ile ingine." Anainua macho, naona kimemwingia, "Njo maana," anasema polepole, "nilibadilisha nikaona haibadiliki, nikasema mashine imelogwa," na nusura nicheke, nusura, "Haikulogwa," nasema, "jenga ya kuchapa mara mbili, moya ya hopitali na tarehe ya zamani, moya ya magazini na tarehe mupya, kila moya mu kapu yake, kisha njo ujenge programe yenyewe ya hopitali, ya mwisho, si mbele, na ya magazini usiiguse hata mukubwa akisimama nyuma yako na bunduki," na ninaposema, kila kinachotoka kinaniacha mwepesi na mtupu, sikujua kwamba hivi vitu vilikuwa ndivyo nilivyokuwa nimevishikilia, nyumba ilikwisha kwenda, nguo, kaburi la baba, lakini hivi nilikuwa navyo, makapu yangu yote, nani anamwegemea nani, na sasa viko nyuma ya karatasi yenye jasho la mtu mwingine, namwambia na ya majina, na ya zile siku za mwezi wa pili, ishirini na nane au na tisa, namwambia hata kile ambacho hakuuliza, na mama nyuma yangu, yeye ambaye haelewi neno moja la mashine, ameelewa ninachofanya, nahisi kwa mgongo wake, ameacha kuniegemea, amekaa peke yake wima.

"Ukishachapa karatasi ya kwanza," nasema, "masista bapewe mbele. Kabla ya mutu yeyote. Kuna batoto hapa."

"Masista mbele," anasema, anaandika.

"Na nyuma ya mabehewa, ukipata nafasi siku moya, uangalie kama udongo haujabomoka mvua ikinyesha. Yeye ni wa tatu kutoka ku ukuta," na hilo haandiki, anaitikia kwa kichwa tu, mara nyingi, halafu anajipangusa uso kwa mkono wa shati na anasoma tena mistari yake tangu juu kama tulivyofundishwa, kidole chake kinafuata, shule, hospitali, kuchapa mara mbili, anafika mwisho, anabaki hapo, na mbali upande wa Tenke watu wanasimama kuangalia kama kuna moshi na wanakaa tena, "Mama Mbelu," anasema, si jina lile lingine, ameliweka chini kwa upole bila mimi kumwomba, "na ikiharibika tena? Mwaka ujao, ao ule mwingine, kama wanaongeza kitu na yote inaanguka, mi nitauliza nani?" na natafuta, kweli natafuta, Tata Kisimba amerudi shambani Mutshatsha na macho yake hayaoni tena, wengine wote wa chumba chetu wako hapa kwenye mafurushi au wamekwisha kwenda juu ya mapaa, natafuta mtu mmoja tu Kolwezi nzima wa kumpa, na nikiwa nasema ninaisikia sauti yangu inatoka mbali, inatoka mahali ambapo sijafika bado lakini ambapo tayari naishi, "Hakuna mutu, Numbi," na yeye, kwa mazoea ya kuandika kila ninachosema, ameliandika hilo pia, hakuna mutu, naliona pale chini ya mistari mingine, na kalamu imesimama juu yake, haiendelei, na treni haijaja...